Visu vya kukunja vyenye flipa ya mbele: mvuto wake uko kwenye gololi

#1 (Mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kila mara kisu chenye flipa ya mbele kinapotajwa, mjadala huishia njiani. Wanaokipenda husema kinapendeza, wasiokipenda husema ni mchezo wa vidole, kisha maneno yanageukia bei na aina za chuma. Naona tunakinyima haki yake. Mvuto wa visu hivi una sababu za kiufundi zinazoweza kuelezwa hata kwa mtu ambaye hajawahi kukishika, na leo ninataka kuzieleza kwa kirefu, nikianza na umbo, kisha nikija kwenye kile ninachokiona kuwa kiini cha jambo lote, yaani gololi ndogo iliyofichwa ndani ya mpini.

Tuelewane kwanza juu ya kinachozungumzwa. Kisu cha kukunja kinachofunguliwa kwa mkono mmoja kinahitaji mahali ambapo kidole kitashika ili kulizungusha bapa. Wapo watengenezaji wanaoweka kijiti kidogo ubavuni mwa bapa, na wapo wanaotoboa tundu la mviringo, njia iliyojulikana sana baada ya kampuni ya Spyderco ya Marekani kutoa kisu chake cha kwanza, Worker, mwaka 1981. Flipa ni njia ya tatu. Hapo shina la bapa, ile sehemu ya chuma inayozungukia kwenye pini ndani ya mpini, huchongwa likawa na kipembe kinachotokeza nje wakati kisu kimefungwa. Kidole kikikisukuma kipembe hicho, bapa linafyatuka na kufunguka lote.

Flipa iliyozoeleka ni ile ya mgongoni, ambayo Kit Carson, mtengenezaji wa visu wa Marekani, aliieneza kupitia visu vyake vya M16 vilivyotengenezwa na kampuni ya CRKT. Kipembe hutokeza kwenye mgongo wa mpini na hubonyezwa kwa kidole cha shahada. Bapa likishafunguka, kipembe hicho kinakuwa kimehamia upande wa makali, kikining'inia chini kati ya makali na kidole cha kwanza. Flipa ya mbele imewekwa pengine kabisa. Kipembe chake hutokeza kichwani mwa mpini, jirani na pini, na unakivuta kwa dole gumba kuelekea nyuma, juu ya mgongo wa mpini. Wakati dole gumba linarudi nyuma, ncha ya bapa inatoka upande wa tumbo la mpini, inazunguka na kwenda mbele. Bapa likishafunguka lote, kipembe kimekwisha kulala kati ya pande mbili za mpini, sambamba na mgongo wake, na mara nyingi anayekiona kisu kikiwa wazi hawezi kujua kilifunguliwa kwa njia gani.

Hapo ndipo uzuri wake unapoanza, na ninasema uzuri nikiwa na maana ya kazi pia. Weka ndimu juu ya kibao, pembeni kabisa ili vidole vyako na mpini vibaki nje ya kibao, kisha ikate kwa kisu chenye flipa ya mgongoni. Bapa linashuka vizuri hadi karibu na mwisho, halafu kile kipembe cha chini kinagota kwenye mbao kabla makali ya jirani na mpini hayajafika. Ganda la chini linabaki limeshikana kwa uzi mwembamba, na inakubidi umalizie kwa kuvuta ncha. Kata ndimu ya pili kwa kisu chenye flipa ya mbele: makali yote, kuanzia karibu kabisa na mpini hadi kwenye ncha, yanakaa juu ya kibao, na vipande vinaachana. Tofauti hiyo utaikuta tena siku ya kunoa. Kipembe cha chini hugonga ukingo wa kinoo, kwa hiyo makali ya mwanzo hayanolewi sawasawa na yale mengine, na baada ya muda unaona sehemu ndogo ya makali butu palepale ambapo mtu anayechonga mti au kumenya muwa hukandamiza zaidi. Kisu chenye flipa ya mbele hakina kizuizi hicho, na kikiwa kimetengenezwa vizuri unaweza kukinoa chote kwa mkupuo mmoja.

Mfukoni nako kuna nafuu. Kipembe cha mgongoni hukaa katikati ya njia ya mkono unapotafuta funguo au pesa, na mwisho wake hukwaruza kitambaa. Kile cha mbele kiko kichwani, kwenye mstari uleule wa urefu wa kisu, hivyo umbo zima linabaki jembamba na refu. Ndiyo maana wabunifu wengi wa visu vyembamba vya kuvaa na suruali rasmi wameipenda njia hii. Feist, kisu cha kampuni ya Kizer kilichobuniwa na Justin Lundquist, ni mfano ambao wengi humu wameuona: mpini wa titani, bapa la chuma kiitwacho S35VN, na kipembe ambacho kisu kikishafunguka kinapotea.

Sasa nije kwenye gololi, na naomba mnivumilie kidogo.

Ndani ya visu vingi vya aina hii kuna ulimi wa kufuli. Katika visu vya bamba la ndani, ufundi ulioendelezwa na Mmarekani Michael Walker mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulimi huo ni sehemu ya bamba jembamba lililoko chini ya ubavu wa mpini. Katika visu vya fremu, ambavyo Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Idaho, Marekani, mwaka 1989, alivijengea jina kwa kisu chake kiitwacho Sebenza, ubavu wenyewe wa mpini umekatwa ukawa ulimi. Kisu kikifunguka, ulimi huingia nyuma ya shina la bapa na kulizuia lisirudi. Hiyo ni kazi yake inayojulikana na wote. Kazi yake ya pili inafanyika kisu kikiwa kimefungwa. Karibu na mwisho wa ulimi kumepachikwa gololi ndogo ya chuma kigumu au ya kauri, ambayo sehemu yake imezama kwenye ulimi na sehemu imejitokeza, na kwenye ubavu wa shina la bapa kumetobolewa kishimo kidogo. Bapa likifungwa, gololi inatumbukia kwenye kishimo hicho na kulishika. Ndiyo maana kisu kizuri hakifunguki ukikitikisa wala kikidondoka mfukoni.

Lakini gololi hiyohiyo ndiyo inayolifyatua bapa. Dole gumba linapoanza kuvuta kipembe, bapa halisogei mara moja, kwa kuwa gololi imelishika. Nguvu inajikusanya kidoleni. Inapozidi uwezo wa gololi, gololi inaruka kutoka kishimoni, na nguvu yote iliyokusanyika inaachiwa kwa mara moja. Hakuna springi inayolisukuma bapa, hakuna kitufe. Kinachorusha bapa ni kile ulichokiweka wewe mwenyewe kwa sekunde ndogo tu, na gololi imekipima.

Katika flipa ya mgongoni, fundi ana nafasi ya kukosea. Kidole cha shahada kina nguvu, kinabonyeza kwa kushuka, na kipembe chenyewe kwa kawaida ni kirefu, hivyo hata gololi iliyokaza kupita kiasi itaachia. Dole gumba linalovuta kipembe kifupi kichwani mwa mpini halina nguvu hiyo. Umbali kutoka kwenye pini hadi mahali kidole kinaposhika ni mdogo sana ukilinganisha na urefu wa bapa linalotakiwa kuzungushwa, na kanuni ya nyenzo haimwonei mtu huruma. Gololi ikikaza kidogo tu zaidi ya inavyotakiwa, dole gumba linateleza na ngozi inachubuka. Ikilegea kidogo, bapa linatoka bila nguvu, linafika nusu ya njia na kusimama. Kati ya hali hizo mbili pana nafasi finyu mno, na inategemea kina cha kishimo, ukali wa ukingo wake, ugumu wa ulimi na mahali hasa gololi ilipopachikwa. Kwa hiyo ninapokishika kisu chenye flipa ya mbele kinachofunguka kwa mlio mmoja safi, ninajua kwamba mtu fulani, kiwandani Yangjiang kule China, Maniago kule Italia au kwenye karakana ya peke yake, alijali sehemu ambayo mnunuzi hataiona kamwe. Kisu cha aina hii hakiwezi kuficha uzembe wa fundi, na kwangu mimi huo ndio mvuto wake mkubwa.

Mkipata nafasi, fungueni kisu chenu kilichotumika kwa muda na mtazame ubavu wa shina la bapa kwa tochi. Mtaona mstari mwembamba uliopinda, unaong'aa kuliko chuma kilichouzunguka, unaoanzia kwenye kishimo. Hiyo ni njia ya gololi. Mstari ukiwa laini na wa upana mmoja, kisu kimekaa sawa. Ukiwa na michubuko au unapanuka upande mmoja, ulimi unakandamiza vibaya.

Karibuni tujadili.

#2

Mkuu, ahsante kwa darasa. Mimi nilikulia kwenye mazingira ambayo kisu cha kukunja kilikuwa kimoja tu, Okapi, chenye mpini wa mbao na pete ya kuvuta mgongoni, na kinapofunguliwa kinalia meno yake kimoja baada ya kingine. Kilifunguliwa kwa mikono miwili na hakuna aliyelalamika. Swali langu ni la dhati: hii flipa ya mbele ni uvumbuzi kweli, au ni wazo la zamani lililovalishwa titani? Na kama ni la zamani, lilitoka wapi?

#3 (Mwanzisha uzi)

Swali lako ni zuri, mkuu, na jibu lake ni kwamba wazo la kutokeza shina la bapa nje ya mpini ni la zamani, ila kazi iliyopewa shina hilo imebadilika.

Tuanze na Okapi uliyoitaja, kwa sababu historia yake inatuhusu. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Kijerumani ya Afrika, ikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo, na tangu mwaka 1988 utengenezaji wake umekuwa mikononi mwa kampuni ya Afrika Kusini. Ni kisu cha kazi na bei yake ni ya watu wa kawaida. Lakini hakina uhusiano wa kiufundi na flipa ya mbele, kwa kuwa nguvu yake iko kwenye springi ya mgongoni na meno yake.

Ndugu wa karibu wa flipa ya mbele yuko Japani. Anaitwa higonokami, kisu kilichoanza kutengenezwa mjini Miki, mkoani Hyogo, katika miaka ya 1890. Mpini wake ni karatasi ya chuma au shaba iliyokunjwa, na bapa lake linashikwa na msuguano wa pini peke yake bila kufuli. Kutoka kwenye shina lake kunatoka mkia mfupi wa chuma uitwao chikiri. Kisu kikiwa kimefungwa mkia huo umesimama kichwani mwa mpini, unauvuta kwa dole gumba na bapa linafunguka, kisha mkia unalala juu ya mgongo wa mpini. Watoto wa shule wa Japani kwa muda mrefu walichongea penseli kwa visu hivi.

Ukisoma maelezo hayo utaona kwamba njia ya kidole ni ileile ya flipa ya mbele. Tofauti ni mbili. Kwanza, katika higonokami mkia ndio kufuli yenyewe: dole gumba linaukandamiza mkia juu ya mgongo wakati wa kukata, na ukiliondoa, bapa linaweza kukunjika. Pili, hakuna gololi, kwa hiyo bapa linafunguka kwa mwendo uleule wa dole gumba, polepole, bila kufyatuka. Kilichoiwezesha flipa ya mbele ya leo ni kukutana kwa mambo matatu: ulimi wa kufuli, gololi ya kushika bapa, na pini inayozunguka kwa wepesi mkubwa. Katika hilo la tatu jina la kukumbukwa ni Flavio Ikoma wa Brazil, ambaye mfumo wake wa beringi za gololi ulieneza matumizi ya beringi katika visu vya kukunja. Bapa jembamba la kisu cha suruali rasmi ni jepesi, na uzito wake hauwezi kulimalizia safari. Pini ikiwa nzito, nguvu ndogo ya dole gumba inaliwa yote na msuguano.

Kwa hiyo wazo ni la zamani, na sioni kama hilo linalipunguzia thamani. Mafundi wa Miki walikuwa wamegundua kwamba mahali pazuri pa kuweka kidole ni kichwani mwa mpini, na kwamba baada ya kazi yake kipembe hakina haki ya kubaki njiani.

#4

Nimesoma yote kwa makini, na ningependa kuweka upande wa pili, kwa sababu uzi huu unaweza kumfanya mtu anunue kisu kisichomfaa. Mimi ninafanya kazi ya umeme na ninatumia kisu kila siku kuchuna nyaya na kukata mabomba ya plastiki. Kipembe cha mgongoni, ambacho mwanzisha uzi anakilaumu kwa kugota kwenye kibao, kwangu mimi ni kinga. Mkono ukiwa na jasho na ukasukuma kwa nguvu, kipembe kile kinazuia kidole cha kwanza kisiteleze juu ya makali. Tena wakati wa kufunga kwa mkono mmoja, kipembe ndicho kinachotua juu ya kidole kwanza, kabla ya makali. Kwenye flipa ya mbele hakuna kitu: kidole kikisahauliwa njiani, makali yanakifikia. Naomba hili lisemwe wazi.

#5 (Mwanzisha uzi)

Mkuu, hoja zako zote mbili ni sahihi, na naziunga mkono bila masharti. Kwa kazi ya kusukuma kwa nguvu, hasa kuchoma kwa ncha au kukata kitu kigumu kinachoweza kuachia ghafla, ninamshauri mtu achukue kisu chenye kinga ya kidole, na flipa ya mgongoni inatoa kinga hiyo bure. Wapo wabunifu wanaochonga mpini wa flipa ya mbele ukawa na bonde la kidole na kijinundu mbele yake, jambo linalosaidia, lakini wanapofanya hivyo wanarudisha sehemu ya kile walichokiondoa.

Kuhusu kufunga, naomba nieleze kwa utaratibu, maana ndipo watu wengi wanapojikata. Shika kisu kwa vidole vinne upande mmoja, hakikisha hakuna kidole kilicho kwenye njia ya bapa, kisha kwa dole gumba usukume ulimi wa kufuli pembeni na ulegeze bapa kidogo tu, kiasi cha kuanza kukunjika. Sasa ondoa dole gumba kwenye ulimi, kwa kuwa hapo ndipo lilipokuwa njiani, na umalizie kufunga kwa mkono wa pili au kwa kuegemeza mgongo wa bapa kwenye paja. Visu vya beringi vina tabia ya bapa kuanguka lenyewe ulimi ukishaachia, na watu hupenda kuonyesha hivyo. Bapa linaloanguka lenyewe juu ya mkono usio na kinga halinivutii hata kidogo.

Na kwa kuwa tumefika kwenye vidole, niseme pia namna ya kufungua, kwani malalamiko mengi ninayosoma kuhusu gololi iliyokaza yanatokana na mshiko. Katika kisu cha fremu, ulimi wa kufuli uko nje, kwenye ubavu wa mpini. Mtu akikishika kisu kwa kukikumbatia, ncha za vidole vyake zinaukandamiza ulimi huo kuelekea ndani, na kwa kufanya hivyo anaisukuma gololi izidi kuzama kwenye kishimo, huku dole gumba lake likijaribu kuitoa. Anashindana na mkono wake mwenyewe. Vidole viwekwe juu au chini ya ulimi, kando ya mpini, halafu nyama ya dole gumba, siyo ncha wala ukucha, ilale juu ya kipembe. Usikisukume kipembe kwenda mbele. Kiviringishe kuelekea kwako kwa mwendo mmoja, kana kwamba unafuta kitu mgongoni mwa mpini. Kisu ambacho juzi kilionekana kigumu kinaanza kufunguka.

Faida ambayo sikuitaja mwanzoni: kipembe kiko katikati, hakiko kushoto wala kulia, kwa hiyo anayetumia mkono wa kushoto anakifikia sawa na mwingine. Tatizo lake linabaki kwenye ulimi wa kufuli, ambao kwa kawaida umewekwa kwa ajili ya mkono wa kulia.

#6

Naandika kutoka Uingereza, na naona jambo la sheria halijaguswa. Hapa, kifungu cha 139 cha Criminal Justice Act ya mwaka 1988 kinaruhusu kubeba hadharani bila sababu maalumu kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na mahakama zimekwisha kusema kwamba kisu chenye kufuli hakihesabiwi kuwa cha kukunja kwa maana ya kifungu hicho. Maana yake ni kwamba karibu visu vyote mnavyovizungumzia humu, hata kiwe kifupi namna gani, mimi siwezi kuvitia mfukoni na kutoka navyo nje pasipo sababu ya kueleweka, kwa mfano kazi. Ninacho kimoja, na kinakaa jikoni. Ndugu walioko ughaibuni wasome sheria ya mahali walipo kabla ya kuagiza.

#7 (Mwanzisha uzi)

Ahsante sana, mkuu, kwa kulileta. Niongezee upande wa Marekani, kwa sababu huko gololi yetu imeingia mpaka kwenye maandishi ya sheria. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1958 ilizuia biashara ya kati ya majimbo ya visu vinavyofunguka vyenyewe kwa kitufe. Mwaka 2009 sheria hiyo ilirekebishwa ili isihusishe kisu ambacho kina springi, gololi ya kushika au kifaa kingine kinacholivuta bapa kuelekea kufungwa, na ambacho mtu anahitaji kutumia nguvu ya mkono juu ya bapa ili kuishinda. Flipa ya mbele inaingia moja kwa moja katika maelezo hayo. Majimbo na miji, hata hivyo, yana sheria zake.

Ujerumani wamekwenda mbali zaidi: kisu chenye kufuli kinachofunguliwa kwa mkono mmoja hakiruhusiwi kubebwa hadharani bila sababu halali. Na kwa yeyote anayesafiri kwa ndege, popote alipo, kisu kiingie kwenye mzigo unaokabidhiwa, kisikae kwenye begi la mkononi.

#8

Mimi niko pwani, nyumbani ni hatua chache kutoka baharini. Je, visu hivi vya beringi vinahimili chumvi na mchanga? Na ni chuma gani cha bapa mngenishauri?

#9 (Mwanzisha uzi)

Ndugu yangu wa pwani, hapo umegusa udhaifu halisi. Beringi za visu vingi ni gololi ndogo zilizopangwa kwenye kikapu chembamba, na zimeachwa wazi bila kifuniko. Punje ya mchanga ikiingia hapo, utaisikia kwenye dole gumba kabla hujaiona, kwa sababu flipa ya mbele haina nguvu ya ziada ya kuupita mkwamo. Washa za shaba zinavumilia uchafu zaidi, kwani hakuna mianya mingi ya kuutunza, ingawa zinahitaji kuzoeshwa kwa matumizi hadi zilainike. Kwa anayeishi kwenye mchanga, kama anapata kisu chenye washa za shaba zilizosuguliwa vizuri na gololi ya kushika iliyopimwa sawasawa, namwambia achukue hicho na asihuzunike kwa kukosa beringi.

Kusafisha si kazi ngumu. Pini ya visu vingi inafunguka kwa bisibisi ya nyota ya pembe sita (Torx) ya T8, na skrubu ndogo za mpini kwa T6. Nunua bisibisi nzuri, kwa maana ile laini inakula kichwa cha skrubu na hapo utakuwa umejifungia nje ya kisu chako. Tandika kitambaa cheupe, panga vipande kwa mfuatano ulivyovitoa, futa beringi na ubavu wa shina kwa kitambaa kikavu, halafu tone moja dogo la mafuta mepesi kwa kila upande linatosha. Mafuta mengi yanavuta vumbi. Kwenye njia ya gololi, paka kidogo sana, kiasi cha kung'arisha tu. Unaporudisha pini, kaza hadi bapa liache kucheza kushoto na kulia, kisha legeza kidogo mno hadi liwe huru. Mabadiliko ya sehemu ndogo ya mzunguko wa bisibisi yanatosha kukifanya kisu kiwe kizito au kitetereke.

Kuhusu chuma, kwa chumvi ya pwani ningeiepuka D2. Inakaa na makali kwa muda mrefu, lakini kromiamu yake iko karibu asilimia 12 tu na sehemu yake imefungwa ndani ya kabaidi, yaani punje ngumu zilizomo ndani ya chuma, hivyo madoa ya kutu yataanza, hasa ukikatia ndimu au embe na kuliacha bapa bila kulifuta. 14C28N, chuma cha Uswidi kilichoongezwa naitrojeni, inastahimili kutu vizuri zaidi, inanoleka upesi kwenye kinoo cha kawaida, na inapatikana kwenye visu vya bei ya kati. S35VN na M390 ni nzuri pia, ila zinataka kinoo cha almasi na subira. Mpini wa titani hauna shida na chumvi. Angalia zaidi bamba za ndani za chuma na skrubu, kwani huko ndiko kutu huanza pasipo kuonekana.

Ukienda dukani au ukiazima kisu cha mwenzako kukijaribu, usiishie kukifungua kwa haraka. Kivute kipembe polepole mno hadi ujue gololi inaachia wapi, urudie mara moja ulimi ukiwa huru na mara nyingine ukiwa umeukandamiza, kisha kifunge polepole na usikilize kama gololi inatumbukia kishimoni na kulivuta bapa ndani kwa milimita ile ya mwisho. Kisu kinacholivuta bapa lake ndani namna hiyo kimepimwa vizuri. Kinachohitaji kusukumwa hadi mwisho kirudishe kwa mwenye nacho.